Mbuzi wa Miguu Mitatu

Jumapili, 4 Mei

Baba ametangaza leo mezani, kabla hata sijakaa. Si "naomba", si "mnaonaje". Ametangaza: mwaka huu anapanda kilele, na sisi wanawe wawili, mimi na kaka, ndio tutakaompeleka.

Kaka alitikisa kichwa kukubali huku anatafuna. Yeye hukubali kila kitu mradi sahani yake isipoe. Mimi nikauliza: theluji ingali imejaa kule juu, tunapanda na nini, mabawa? Baba akageuza uso ukutani. Siku hizi ukimwona anatazama ukuta ujue anakutazama wewe. Macho yake yameharibika katikati. Anachokielekea hakioni; akitaka kukiona lazima ageuze uso kidogo. Daktari wa macho alisema sehemu iliyokufa hairudi, na iliyobaki inaliwa polepole. Hakusema polepole kiasi gani.

"Nimepanda kilele kile maisha yangu yote," Baba akasema, "na sijawahi kukiona. Nilikuwa naona boliti."

Hilo ni kweli. Alikuwa fundi wa mnara wa mawasiliano uliosimama pale kileleni. Alipanda, akakaza boliti, akabadilisha nyaya, akawahi kushuka kabla mawingu hayajamfunika. Sasa anataka kupanda bila spana, akae juu ya jiwe, atazame bonde letu upande mmoja na maziwa upande wa pili mpaka achoke. Anataka kufanya hivyo kabla doa la katikati halijameza na pembeni.

Ningemhurumia kama angeomba.

Jumatatu, 5 Mei

"Mbuzi vipi?"

Ndiyo salamu ya asubuhi ya nyumba hii. Ukisimama kwenye dirisha la jikoni, pale kwenye sinki, unaona ubavu wa mlima chini ya kilele. Theluji ikianza kuyeyuka, miamba myeusi inajitokeza na kuchora mnyama: kwanza mgongo, halafu kichwa chenye pembe moja, halafu miguu, mmoja mmoja. Baba alimpa jina la Mbuzi kabla sijazaliwa. Mguu wa nyuma kabisa ni korongo ambalo njia ya kileleni inalikata. Mbuzi akiwa na miguu minne, korongo liko wazi, unapanda. Akiwa na mitatu, theluji bado imelala mle ndani, unakaa nyumbani. Ofisi yao ilikuwa na ratiba zake, lakini Baba alipanda kwa Mbuzi, na alistaafu na vidole vyake vyote.

Sasa Mbuzi hamwoni. Akimtafuta anakuta doa. Kwa hiyo macho ni mimi.

"Mgongo tu," nikamjibu.

"Tazama vizuri."

"Nimetazama, Baba."

"Umetazama kama unavyotazama vyombo vichafu."

Nikafungua bomba la maji kwa nguvu ili nisimsikie tena.

Jumatano, 7 Mei

Mgongo tu.

Jumamosi, 10 Mei

Leo nimebaki karakana baada ya saa za kazi. Sisi tunashona mahema na maturubai ya malori, na vipande vinavyobaki msimamizi huturuhusu kuchukua. Nimeshona vifuniko vya kuvaa juu ya buti ili theluji isiingie ndani, jozi tatu, ya Baba, ya kaka na yangu. Sikujua kwamba nimeamua kwenda mpaka nilipojikuta napima mguu wangu mwenyewe.

Nilimletea Baba vyake. Hakusema asante. Alipitisha kidole gumba juu ya mshono taratibu, akafika karibu na kisigino, akasimama.

"Hapa umekwenda kombo."

Nikachukua, nikaenda kwenye mwanga. Ulikuwa umekwenda kombo kweli. Nimeufumua huku nimeuma meno. Kaka angemletea mfuko wa plastiki angeambiwa ana akili.

Alhamisi, 15 Mei

Mgongo na kichwa. Baba ameanza kupanda na kushuka ngazi za nje akiwa na begi la mawe mgongoni. Jirani wa chini ameuliza kama tunahama.

Jumapili, 18 Mei

Kaka na wifi walikuja kula. Kaka ana likizo wiki ya kwanza ya Juni, kwa hiyo safari ni wiki ya kwanza ya Juni. Amekwisha kupanga. Jumamosi tunalala kwenye kibanda cha wapandaji, Jumapili alfajiri tunaelekea juu.

"Mlima haujui likizo yako," nikamwambia.

"Wewe kila kitu ni kupinga tu."

"Mbuzi ana mguu mmoja."

"Mmoja?" Kaka akacheka, akamgeukia Baba. "Mimi kwangu namwona vizuri zaidi, Baba, roshani yangu iko juu. Ana miwili, na wa tatu unakuja."

Baba akainua uso. Sijui nisemeje. Ulikuwa uso wa mtoto aliyeambiwa kesho hakuna shule. Mimi huyu ninayempikia, ninayemkata kucha, ninayemsomea maandishi ya kwenye chupa za dawa, sijawahi kupewa uso ule hata mara moja.

"Umesikia?" akaniambia. "Mwenzako ana macho."

Wifi aliinamia kikombe chake. Nilidhani ananicheka.

Jumatano, 21 Mei

Mguu mmoja na nusu. Kaka kwa simu: mitatu.

Ijumaa, 23 Mei

Mvua tangu asubuhi, mlima wote umefunikwa. Baba akapiga simu. Kaka akasema kwake anaonekana. Mawingu nayo yana heshima, yakifika kwenye roshani ya kaka yanapiga hodi kwanza.

Jumapili, 25 Mei

Nimempiga Mbuzi picha. Nikaiweka simu mezani mbele ya Baba, nikasema, miguu miwili, haya, picha haina chuki na mtu.

"Nitaitazama kwa kitu gani?" Baba akauliza.

Nilitamani ardhi ipasuke. Kaka akaichukua simu, akaikuza picha, akakunja uso kama mtaalamu, akasema pembe niliyopigia si nzuri, jua lilikuwa nyuma.

"Pembe ya sinki ni ile ile tangu tulipozaliwa," nikamwambia.

"Ndiyo maana. Umezoea kuona kitu kimoja."

Baba akasema nyote nyamazeni, akaomba chumvi. Ilikuwa mbele yake. Akaipapasa mpaka akaangusha kikombe cha maji, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Jumanne, 27 Mei

Nilimpeleka kwa daktari wa macho. Jicho la kushoto limeshuka tena. Baba akauliza, "Hadi wiki ya kwanza ya Juni nitakuwa naona pembeni?" Daktari akasema pengine. "Na mwezi wa saba?" Daktari akaanza kupanga karatasi zake.

Njiani alishika mkono wangu juu ya kiwiko na kuubana mpaka ukafa ganzi. Sikumwambia alegeze.

Jumapili, 1 Juni

Mitatu. Nimetazama kwa macho, nimetazama kwa darubini niliyoazima kwa jirani, nimepanda hadi juu ya kiti. Mitatu. Mahali pa mguu wa nyuma pana weupe, mrefu, umenyooka kutoka tumboni mwa Mbuzi hadi chini.

Kaka alifika, hata viatu hajavua, akasema minne.

Tulipigana. Si kwa mikono, lakini sijui kama kuna tofauti. Nilimwambia ni mwongo, na amekuwa mwongo tangu alipovunja redio akasema ni paka. Akaniambia mimi sitaki Baba afike kwa sababu nataka abaki jikoni ananitegemea, nijione mtu. Nikamwambia atoke. Akasema hii ni nyumba ya baba yake. Wifi akawa anamvuta shati.

Baba alikaa kwenye kiti chake katikati yetu, uso ameuelekeza dirishani, yaani alikuwa anatutazama.

"Jumamosi tunaondoka," akasema.

"Kwa macho ya nani?" nikauliza.

"Umenisikia."

Nimeosha vyombo vyote, nikaviosha tena.

Jumatano, 4 Juni

Leo nilimpelekea kaka vifuniko vyake vya buti ajaribu. Hakuwepo. Wifi akanikaribisha, akaenda kuchemsha maji ya chai, nami nikatoka kwenye roshani. Sikutoka kwa ubaya. Nilitaka tu kumwona huyo Mbuzi wake wa miguu minne.

Mbele ya roshani kuna ukuta. Jengo jipya la ghorofa, karibu kiasi kwamba mtu angeweza kupokezana sufuria na jirani. Madirisha, mabomba, kamba za nguo za watu. Mlima haupo. Hakuna hata ncha.

Wifi akasimama nyuma yangu na vikombe.

"Limekuwepo tangu mwaka jana," akasema. "Nilimwambia amwambie Baba. Anasema atamwambia."

Nikamuuliza kwa nini yeye mwenyewe alikaa kimya mezani kwetu wiki zote hizi. Akasema, "Wifi, kwenu mtu anaingilia wapi?"

Sikunywa chai. Njia nzima nilikuwa na furaha mbaya, ile ya kumkamata mtu.

Alhamisi, 5 Juni

Nimemwita kaka aje leo leo. Nilimsubiri akae, nikamsubiri ajipakulie. Halafu nikamuuliza mbele ya Baba: jengo lililo mbele ya roshani yako lina rangi gani?

Kijiko kikasimama njiani.

Nikaeleza yote. Ukuta, kamba za nguo, tangu mwaka jana. Nikasema mtu huyu hajamwona Mbuzi msimu mzima, alikuwa anakutajia miguu kutoka kichwani. Nilisema kwa utulivu, nilikuwa nimefanya mazoezi karakana mbele ya cherehani. Kaka alikuwa mwekundu masikio yote mawili. Hakukana.

Nikangoja. Nilikuwa na haki ya kungoja. Nilitaka Baba aniambie neno moja tu, hata "kumbe".

Baba alifuta mdomo, akakunja kitambaa chake mara mbili.

"Jumamosi saa mbili asubuhi," akasema. "Mabuti yangu yapakwe mafuta."

Kwa hiyo ndivyo. Mwongo akishikwa bado ni mwana, na mimi nikisema kweli bado ni mtu wa kupaka mafuta mabuti. Sitaandika zaidi, nitapasua karatasi.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeyapaka mafuta. Ninakwenda. Nataka niwe pale pale watakapofika korongoni, niwaone nyuso zao. Nimechukua kamba ndefu ya karakana, ile ya kufungia maturubai, kwa sababu kuwa na hasira ni kitu kimoja na kuwa mjinga ni kingine.

Jumamosi, 7 Juni

Kibandani. Mlinzi wa kibanda ametuambia korongo halijafunguka, tusubiri. Baba akamjibu, "Tutaona." Mlinzi akatazama macho ya Baba, akanitazama mimi. Nikajifanya nafungua begi.

Jumatatu, 9 Juni

Viganja vyangu vimefungwa bendeji, naandika kwa vidole viwili. Nitaandika hata kwa shida.

Jana tulitoka alfajiri. Baba anapanda vizuri kuliko sisi. Anageuza kichwa upande kama kuku anayechunguza punje, na miguu inajua yenyewe pa kukanyaga. Hakuomba mkono. Kaka alikuwa mbele anapiga mluzi, na mimi nyuma nikihesabu makosa yake. Jua lilipotoka tukawa tumefika chini ya tumbo la Mbuzi, na njia ikapinda, na lile korongo hilo hapo.

Theluji. Imejaa ukingo hadi ukingo, kijivu, ngumu, imeinama kuelekea chini ambako huoni mwisho. Njia inaingia upande huu na kutokea upande ule, na katikati hakuna njia. Juu yetu, karibu kabisa, mnara ulikuwa unang'aa.

Nilitazama uso wa kaka, kama nilivyojiahidi. Sikupata nilichofuata. Alikuwa na hofu, lakini si ya korongo. Alikuwa anamtazama Baba.

"Ni kidogo tu," akasema. "Napita, naweka alama za visigino, mnanifuata."

"Acha ujinga," nikamwambia.

"Ni hatua chache tu, dada."

Nikamfunga kamba kiunoni, nikaifunga fundo nililofunga maelfu ya mara kwenye malori ya watu, nikaizungusha kwenye mwamba. Sikuwa nafanya hivyo kwa upendo. Nilikuwa natukana kwa sauti. Akaingia. Hatua ya kwanza ikashika, ya pili ikashika. Ya tatu haikushika.

Hakupiga kelele. Alikwenda tu, kwa mgongo, na buti zake zikatoa sauti kama mtu anayepasua kitambaa. Kamba ikapita mikononi mwangu ikila ngozi, ikafika kwenye mwamba, ikakaza. Nikadhani mabega yametoka.

"Kaa chini!" Baba alikuwa nyuma yangu. "Visigino kwenye jiwe. Usivute, shikilia tu. Mkubwa! Geuka kifudifudi! Piga vidole vya buti ndani, polepole. Mmoja. Sasa wa pili."

Hakuwa anamwona. Alikuwa anasikiliza kamba. Alipiga magoti, akaishika mbele ya mikono yangu, na tukamwinua kaka kwa pamoja, kidogo kidogo, mpaka kichwa chake kikatokea, bila kofia, midomo imekuwa myeupe. Akalala juu ya changarawe akatetemeka. Kisha akalia kama alivyolia siku ile ya redio.

Nilikuwa na maneno yangu tayari. Nilikuwa nayo tangu Mei. Nikafungua kinywa, na Baba akaniwahi.

"Mbuzi ana mingapi?" akaniuliza.

"Mitatu."

Akatambaa hadi ukingoni, akaweka kiganja juu ya theluji, akakiacha hapo muda mrefu.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu uliposema. Wewe nilikuamini kila siku." Akapangusa mkono kwenye suruali. "Yeye nilimhitaji."

Nilitaka kumsukuma. Naandika kweli. Nilitaka pia kukaa kando yake. Nilifanya la pili. Akageuza uso pembeni ya kilele, akakitazama hivyo kutoka chini, kwa upande wa jicho, mpaka wingu likaja likakifunika.

Wakati wa kushuka kaka alitembea karibu nami. Akasema, "Baba akiniuliza kitu nikasema sijui, anakata simu. Hujawahi kuliona hilo?" Sijawahi, kwa sababu mimi Baba hunikatia maneno uso kwa uso. Lakini begi lake nililibeba mimi hadi kibandani.

Jumapili, 15 Juni

Kaka hakuja. Wifi alileta kamba, ameiosha.

Jumatano, 18 Juni

Baba haulizi tena habari za Mbuzi. Anakunywa chai, anakwenda kukaa chumbani. Nyumba bila lile swali ni mbaya zaidi kuliko nyumba yenye lile swali, na ninamchukia kwa hilo pia.

Jumatatu, 23 Juni

Jicho la kulia. Aliamka akaniita kwa sauti ambayo siijui. Daktari anasema kuna damu nyuma ya jicho. Pembeni kumebaki ukungu, anaona mwanga na kivuli, anajua dirisha liko wapi. Basi.

Njiani kurudi nilimwambia, "Baba, unanibana mkono." Akasema, "Najua."

Jumatano, 2 Julai

Minne. Nilikuwa nasuuza kikombe. Mguu wa nyuma umetoka wote, mweusi, hadi kwato. Nikazima bomba. Nikamsikia Baba anakohoa chumbani. Sikusema kitu.

Ijumaa, 4 Julai

Minne. Sikusema.

Jumamosi, 5 Julai

Leo alikuja jikoni mwenyewe, anapapasa ukuta, akasimama kwenye sinki kando yangu. Akaelekeza uso dirishani. Sasa haijalishi tena uelekee wapi.

"Mbuzi vipi?"

Ningeweza kusema mitatu. Kaka angesema mitatu, na mambo yangeisha.

"Minne."

"Tangu lini?"

"Jumatano."

"Na ukanyamaza." Akatikisa kichwa. "Una roho mbaya wewe."

"Nimeirithi."

Akaguna. Akapapasa juu ya kabati mpaka akapata kikombe chake, akakipeleka chini ya bomba, nikamfungulia.

"Fungasha," akasema.

"Ukaone nini kule, Baba?"

"Sitaona. Utatazama wewe. Utanieleza kila kitu, bonde, maziwa, yote, na mimi nitabisha."

Nikafunga bomba. Kisha nikaenda kutoa kamba.

Mabuti nimeyapaka mafuta. Ule mshono wa kisigino nimeupitia tena kwa kidole, umenyooka. Tunaondoka kesho. Kaka nitamwambia tukisharudi.